Mchoro wa Zahanati

Kila alipotoka shuleni, Chapuchapu alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake aliyekuwa ameinamia cherehani, akabadili sare, akaosha vyombo vya mchana, kisha akakimbilia kona ya sebule iliyokuwa na kompyuta. Jina la Chapuchapu alipewa nyumbani kwa sababu hakujua kufanya jambo lolote polepole.

"Mwanangu," mama yake alizoea kumuuliza, "hivi vikombe umeviosha au umevisalimia tu?"

Kompyuta ile ilikuwa ya nyumba nzima. Mchana Chapuchapu aliitumia kwa kazi za shule. Jioni ilikuwa ya Kaka, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi, akisomea uchoraji wa ramani za majengo. Muhula mzima Kaka alikuwa akichora zahanati ndogo: mapokezi, chumba cha daktari, chumba cha sindano, na choo chenye mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Siku ya kuwasilisha mchoro huo mbele ya watahini ilikuwa inakaribia. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa imeahidi kumpa kazi akifaulu, na mama alikwisha kumshonea suruali mpya ya kuvaa siku hiyo.

Matatizo yalianzia shuleni, wakati wa mapumziko. Chapuchapu alikuwa na rafiki aliyeitwa Profesa, kwa kuwa hakuna jambo duniani ambalo hakujifanya kulijua.

"Kuna mchezo wa mbio za magari kwenye mtandao, bure kabisa," Profesa alisema. "Unaupakua, unabonyeza, unaendesha."

"Nyumbani haturuhusiwi kuweka kitu kwenye kompyuta bila kumuuliza Kaka."

"Kwani unamwekea mzigo kichwani? Ni mchezo tu! Ile programu ya kinga ikianza kupiga kelele, izime. Ukimaliza, iwashe. Nani atajua?"

Mchana ule Chapuchapu aliupakua mchezo. Mara dirisha jekundu likatokea kwenye skrini. Programu ya kinga, ile inayozuia virusi vya kompyuta, ilikuwa imeukamata mchezo na kusema ni hatari. Chapuchapu hakuusoma ujumbe hadi mwisho. Aliizima kinga kama alivyoelekezwa, akabonyeza "ndiyo" kila alipoulizwa, na punde gari jekundu likawa linanguruma mbele yake.

Alipomaliza kucheza, alijaribu kuiwasha kinga. Haikuwaka. Alibonyeza tena na tena, lakini alama yake ya ngao, ambayo siku zote ilikuwa ya kijani, ilibaki ya kijivu. Chapuchapu akafunga kila kitu na kurudisha kiti mahali pake. Alijiambia kwamba kesho itawaka yenyewe.

Kesho yake haikuwaka, na kompyuta ikaanza vituko. Ilipowashwa ilijivuta kama mtoto anayeamshwa kwenda shule siku ya mvua. Dirisha jeusi lilichomoza na kupotea. Matangazo yalifunguka yenyewe, moja juu ya jingine.

"Hii mashine imezeeka ghafla," Kaka alilalamika jioni. "Naibonyeza, naenda kuchemsha chai, nakunywa, narudi, bado inajifikiria!"

"Labda ni vumbi la vitambaa vyangu," mama alisema, akasogeza cherehani yake mbali kidogo.

Chapuchapu alikuwa mezani akiandika insha, na hakuinua uso. Kuanzia siku hiyo alijipa kazi mpya. Kabla Kaka hajarudi kutoka chuoni, aliiwasha kompyuta mapema, akafunga madirisha yote ya ajabu, ili Kaka akute skrini safi. Mama akamsifu kwamba siku hizi anamjali kaka yake.

Jumamosi, kompyuta ilipokataa kwa muda mrefu kuufungua mchoro, mama alimwita Mjomba. Mjomba alikuwa mdogo wake mama, na kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za hospitali. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa kuharakishwa. Kabla ya kugusa kitu chochote alivuta kiti akaketi.

"Shikamoo, Mjomba," Chapuchapu alisema.

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, niambieni historia ya mgonjwa. Ameanza lini kuumwa? Kuna kitu kipya alichowekewa?"

Kaka alitikisa kichwa. "Mimi nachora tu, Mjomba. Sina hata muda wa kujikuna."

"Na wewe, mpwa wangu?" Mjomba alimgeukia Chapuchapu.

"Mimi huandika insha tu."

Mjomba aliiwasha kompyuta, akasubiri bila kunung'unika. Ilipowaka, aliinama karibu na skrini. "Mbona ngao ya kinga ni ya kijivu? Nani ameizima?"

Hapo Chapuchapu angeweza kusema ukweli. Mjomba alikuwa amemtazama bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza saa. Lakini Kaka naye alikuwa akimtazama, na mama pia, na maneno yakamtoka haraka kuliko fikra: "Ilijizima yenyewe siku umeme ulipokatika. Tangu hapo ndiyo ikaanza uzito."

"Kumbe!" Mjomba alisema taratibu. "Umeme kukatika ghafla huweza kuumiza diski, ile sehemu inayohifadhi kazi zenu zote. Kama diski inakufa, hayo yote yanaeleweka: uzito, programu kushindwa kuwaka. Na diski inayokufa haipewi kazi ngumu ya kusakwa virusi. Inaokolewa kwanza." Akamgeukia Kaka. "Mpwa wangu, una nakala ya mchoro wako mahali pengine?"

"Ipo kwenye flashi, ya wiki iliyopita."

"Ichomeke. Nakili kila kitu humo, na usiizime mashine hadi imalize, hata ikichukua usiku kucha. Jumatatu nitaleta diski nyingine."

Kaka aliichomeka flashi. Chapuchapu aliitazama ikianza kumetameta taa yake ndogo, akahisi afueni. Mjomba alikuwa amepata jibu, na jibu hilo halikumtaja yeye.

Jumapili asubuhi aliamshwa na ukimya. Cherehani haikuwa ikilia. Alipoingia sebuleni alimkuta mama amesimama nyuma ya Kaka, mkono wake begani mwa mwanawe. Kwenye skrini kulikuwa na maandishi makubwa yaliyosema kwamba mafaili yote yamefungwa, na kwamba anayetaka kuyafungua atume pesa kwa watu asiowajua. Kaka alijaribu kuufungua mchoro. Haukufunguka. Akajaribu ule wa kwenye flashi. Nao ulikuwa umefungwa.

Mjomba alifika bila kukawia. Aliposoma maandishi yale, alichomoa waya wa mtandao, kisha akakaa, viganja magotini.

"Ni kirusi," alisema. "Kimefunga kila faili kililoweza kulifikia. Na flashi nilikwambia mimi uichomeke. Nimekipelekea kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hapana, Mjomba, ni mimi," Kaka alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Juzi nilipakua picha za madirisha ya hospitali kwenye mtandao, nipate kuiga vipimo. Lazima kiliingia humo. Mama, nisamehe. Nimeua kompyuta, na ile kazi ya kampuni ndiyo basi tena."

Mama alisema, "Usijilaumu hivyo, baba," lakini Kaka alifunika uso kwa viganja.

Chapuchapu hakuwahi kumwona kaka yake hivyo. Kaka ndiye aliyekuwa akiwachekesha wote mezani. Sasa alikuwa akijitwisha mzigo ambao hakuwa hata ameugusa, na Mjomba naye amejitwisha sehemu yake, huku mwenye mzigo amesimama mlangoni mikono mitupu.

"Si Kaka," alisema. "Wala si Mjomba."

Wote waligeuka.

"Ni mimi. Nilipakua mchezo wa magari. Kinga ilinikataza, nikaizima. Halafu haikuwaka tena. Umeme... umeme haukukatika. Nilidanganya."

Alitarajia kelele. Angefurahi hata kupigwa kofi. Lakini Kaka alimtazama tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akainuka na kutoka nje, na mlango ukajifunga polepole nyuma yake.

Mama aliketi kwenye kiti cha cherehani. "Wewe mtoto," alisema kwa uchovu. "Nilikusifu mbele ya watu kwa kumwashia kaka yako mashine. Kumbe ulikuwa unafuta nyayo."

Chapuchapu alilia. Mjomba alimwacha alie, kisha akavuta kiti cha pili. "Njoo ukae hapa. Tutafanya kazi wote. Ulichokifungua, utakiona kikifungwa."

Mjomba aliiwasha upya kompyuta kwa namna inayoamsha vitu vya lazima peke yake, akafungua orodha ya programu zinazojiwasha mashine inapowaka. Katikati ya orodha kulikuwa na jina la mchezo wa magari, na chini yake programu nyingine ambazo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeziweka.

"Huu ndio uliowakaribisha wenzake," Mjomba alisema. "Kila mlipoiwasha, walikuwa wa kwanza kuamka."

"Ukiufuta, mchoro utarudi?" Chapuchapu aliuliza.

"Hapana, mpwa wangu. Tutasafisha diski yote na kuanza upya. Mashine itapona. Mchoro haurudi."

Chapuchapu alijifuta machozi kwa kiganja. "Kwa hiyo ule mchezo ndio ulioharibu kila kitu."

Mjomba alifikiri kabla ya kujibu, maana hakuwa mtu wa kutupa maneno. "Kuzima kinga lilikuwa kosa. Lakini hospitalini nimewaona watu wazima, wenye ofisi zao, wakifanya hivyohivyo. Wakiniita siku ileile na kuniambia walichofanya, huwa tunaokoa karibu kila kitu. Jana nilipokaa hapa, mchoro ulikuwa bado mzima. Flashi ilikuwa bado safi mfukoni mwa kaka yako. Ungesema neno moja, ningechomoa waya wa mtandao, nisingeruhusu flashi iguse mashine hii. Mimi nikikaa mbele ya mashine naona ya leo tu. Ya jana nayaona kwa mdomo wa aliyekuwapo. Ukinidanganya, unanifumba macho, halafu naendelea kutibu hivyohivyo, kipofu. Nami nina langu la kujutia. Nilipenda jibu rahisi, sikulichunguza. Lakini lako ni lako, langu ni langu."

Kufikia jioni kompyuta ilikuwa inawaka upesi, ngao ya kinga imerudi kuwa ya kijani, na kila mtu akiwa na neno lake la siri la kuingilia. Ilikuwa tupu kama nyumba iliyohamwa.

Jumatano, siku ya kuwasilisha michoro, wenzake Kaka walipita nje wakielekea chuoni, karatasi za michoro zimekunjwa makwapani, mashati yamepigwa pasi. "Oya, fundi! Huji?" mmoja alipaza sauti. Kaka alisimama mlangoni akawapungia mkono, akacheka nao, akawatakia heri. Mwalimu wake alikuwa amemwelewa, lakini watahini hawangerudi hadi mwisho wa muhula mwingine, na kampuni haikuweza kumsubiri. Wenzake walipokata kona, kicheko kilimtoka usoni. Suruali mpya ilikuwa bado inaning'inia ukutani. Chapuchapu aliyaona yote hayo kupitia dirishani, na akajua kwamba hata aoshe vyombo mwaka mzima, Jumatano ile haitarudi.

Siku kadhaa baadaye Kaka alirudi na karatasi za zamani alizowahi kumkabidhi mwalimu mwanzoni mwa muhula. Zilikuwa na kuta na vipimo vyake tu, bila milango wala madirisha. Alizitandaza mezani, akawasha kompyuta, akaanza kuchora upya. Alikuwa akiangalia karatasi, anageukia skrini, anarudi kwenye karatasi, hadi shingo ikamuuma.

"Kaka," Chapuchapu alisema kwa sauti ndogo, "nikusomee vipimo?"

Tangu Jumapili ile Kaka alikuwa hajamwambia zaidi ya "nipishe" na "asante". Sasa alisogeza kiti kwa mguu. "Soma. Taratibu."

Chapuchapu alisoma, Kaka akachora. Waliendelea hivyo alasiri nzima. Ukumbi ukasimama, kisha mapokezi, kisha chumba cha daktari. Mama alishona nyuma yao. Jua lilipokuwa linashuka, Kaka aliegemea kiti na, kwa mara ya kwanza, akatabasamu kidogo. Wakati huohuo Chapuchapu aliitazama tena karatasi. Ukuta wa ukumbi, ule wa mwanzo kabisa, alikuwa ameusoma kutoka kwenye mstari usio wake. Vyumba vyote vilivyofuata vilikuwa vimeegemea hapo. Kaka hakuwa ameona.

Chapuchapu alimgusa bega. "Kaka, simama kwanza. Ukuta wa ukumbi nilikusomea vibaya. Ni kosa langu. Vyumba vyote vimekaa pasipo pake."

Cherehani ilinyamaza. Kaka aliitazama kazi ya alasiri nzima, akashusha pumzi ndefu, akafuta chumba kimoja baada ya kingine, hadi ukabaki mstari mmoja.

"Umeniumiza," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini ukuta bado ni wa kwenye skrini. Ungenyamaza, tungekuja kuubomoa umeshajengwa."

"Na hilo ndilo nililotaka ulijue, mwanangu," mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Kukosea utakosea hadi uzeeke. Sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Huo ndio uaminifu."

Kaka aliivuta karatasi katikati ya meza, ili wote wawili waione vizuri.

"Haya," alisema. "Ukumbi, tangu mwanzo."

Chapuchapu aliweka kidole chini ya namba, akahakikisha ni mstari wenyewe, ndipo akasoma.