Mashine Ndiyo Mama

Rafiki yangu Momanyi hunisimulia haya akiangalia chini kwa aibu. Mwaka wa 1972 alienda Kericho, akanunua mashine ndogo ya kuangulia mayai, ya mafuta ya taa. Alipofika nyumbani Merigi, akamwondoa bata wake aliyekuwa akilalia mayai, akayahamishia mayai kwenye mashine, na bata akamchinja.

"Wageni wa kanisa wanaokuja leo wale nini?" alimwambia mkewe, Elmina. "Sasa mashine ndiyo mama."

Elmina hakuonja ile nyama.

Siku ya tatu, mchana, Momanyi alifungua kufuli ya stoo isiyo na dirisha alimoweka mashine, aende kugeuza mayai. Gizani akasikia miguu iliyolowa maji ikitembea sakafuni, pole pole, kisha kimya. Akafungua mashine. Mayai yote yalikuwa yamefunikwa kwa manyoya laini ya kifuani, vile bata hufunika akitoka kidogo kutafuta chakula.