Fomu ya Lugha za Nyumbani

Kila adhuhuri Thuwaiba akirudi skuli huweka mkoba, akala, kisha akamsaidia bibi yake kukuna nazi. Wanakaa mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, lakini bibi huyo, Bi Mwanamkasi, ni mtu wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa. Miaka thelathini yuko mjini na Kimakunduchi chake, lahaja ya kwao, hakijapungua hata tone. Akimwita mjukuu wake dirishani mtaa mzima husikia, na mtoto hutamani kuingia mvunguni.

Siku hiyo Thuwaiba alileta fomu. Skuli ilitaka kujua kila nyumba inasema lugha gani, na Kiingereza wanakijua kiasi gani.

"Jaza mwenyewe," bibi alisema. "Mie macho yangu yanachagua ya kusoma. Ntatia sahihi."

Thuwaiba akaandika Kiswahili na Kiingereza. Penye kiwango cha Kiingereza akatia alama "vizuri sana". Kimakunduchi akakiruka, asije akachekwa.

Wiki ya pili majina ya darasa la ziada la Kiingereza yalibandikwa. Thuwaiba, aliyepata ishirini na tatu kwa mia katika jaribio la Kiingereza, hakuwemo. Na mtihani wa darasa la sita ulikuwa mlangoni.

"Uje kufanya nini?" Ummkulthum, rafiki yake, alimcheka. "Fomu yako inasema nyie kwenu hata mkigombana mnagombana kwa Kizungu!"

Akamwendea Mwalimu Abdulwahid.

"Nafasi ni za wasio na msaada nyumbani," mwalimu alisema. "Wewe unao, fomu yenu imesema. Tena Ijumaa nakuja kumwomba bibi yako awasaidie na wenzako."

Ijumaa mwalimu akaja kweli.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwalimu akakaa, akakohoa, akamwaga Kiingereza kirefu. Bibi alisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa kila mwalimu alipovuta pumzi. Alipomaliza, bibi akasema, "Maneno matamu hayo. Sasa nambie na mie."

Mwalimu akamgeukia mjukuu. Thuwaiba machozi yakamtoka.

"Ni mimi, mwalimu. Nimeandika uongo kuwa Kiingereza tunakijua sana. Niliona haya kusema tunazungumza Kimakunduchi."

Bibi akaacha mzaha. "Ulinionea haya mie?"

"Nisamehe, bibi."

Bibi akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Nshakusamehe. Lakini masikio yangu yamechoka bure. Mwalimu kanisemesha Kizungu robo saa nzima!"

Mwalimu akatoa fomu mpya. "Thuwaiba, fomu hii haikuwa ya kujipamba. Ukiumwa tumbo ukamwambia daktari mguu, utarudi nyumbani na bendeji mguuni na tumbo lako vilevile. Sema kweli usaidike. Na lugha ya bibi yako si aibu. Aibu ni kuificha. Jumatatu njoo darasani, nafasi moja ipo."

Thuwaiba akaandika Kimakunduchi na Kiswahili. Penye Kiingereza akasita.

"Andika kidogo," bibi alisema. "Na mie niandike sijui hata chembe. Jumatatu ukitoka huko, uje unifundishe."