Nyufa za Kikombe cha Harub

Alasiri moja ya mwaka 1968, nyumbani kwetu Sidab, ng'ambo ya bahari, shangazi yangu Mahbuba alipanga vikombe sita vya chai juu ya mkeka kama kawaida yake. Vilitengenezwa kwa mkono, Uchina, na alivileta amevifunga ndani ya kanga tulipoikimbia Unguja. Fundi wa kauri hiyo huipaka maji ya udongo na majivu. Yakichomwa huwa kioo. Kioo chenyewe hukiacha kipasuke makusudi, nyufa nyembamba kama nywele. Chai huingia humo mwaka baada ya mwaka mpaka nyufa ziwe za kahawia.

Cha shangazi ndicho kilichokolea kuliko vyote. Kimoja tu nyufa zake zilikuwa nyeupe. Mumewe, Harub, alikinunua kuziba pengo la kilichovunjika, na kabla hajakinywea alichukuliwa na watu wenye bunduki. Hiyo ilikuwa Januari 1964. Hatukupata habari yake tena.

Sasa miaka minne, muda wa kumngojea mume aliyepotea, ilikuwa imetimia. Baba yangu, Ghanim, alitaka dada yake akae eda ya kufiwa, kisha aolewe na Marhoon aliyekuwa akimngoja.

"Nikae eda ya mtu aliye hai?" Shangazi alimpa kikombe cha Harub. "Tazama."

Nyufa za chini zilikuwa zimeanza kuwa za kahawia.

"Unamtilia chai wewe. Kama mtoto na mwanasesere wake."

"Wallahi, kaka, sijakitia hata tone."

Baba akakifungia, juu ya kitambaa, ndani ya sanduku la chuma, ufunguo akauvaa shingoni. Mchana tulisikia sauti sandukuni. Ti. Kisha, ti. Mama alisema ni joto.

Siku ya arubaini baba alifungua. Kahawia ilikuwa imepanda hadi ukingoni. Kitambaa cha chini kilikuwa kimelowa, duara.

"Anakunywa," shangazi alinong'ona. "Yu hai."

Baba hakuitaja eda tena. Marhoon akaoa kwengine.

Mwaka 1970 akafika Ishaq, jirani yetu wa Unguja. Alikataa kukaa.

"Bi Mahbuba, nisamehe. Harub nilimzika kwa mikono yangu. Siku ya pili tu baada ya kuchukuliwa."

"Alisema nini?"

"Aliomba chai. Hatukuwa nayo."

Shangazi alivaa nguo nyeupe za eda, akakaa ameelekea ukuta. Baba alikwenda kuuliza kwa shekhe, akarudi akasimama mlangoni.

"Eda inahesabiwa tangu siku aliyokufa, Mahbuba. Yako ilikwisha mwaka ule ule."

"Kumbe hata hiyo sina."

Akainuka. Akachukua kikombe cha Harub, akakipiga kizingitini.

Niliokota vigae, nyufa zake kahawia tupu. Kisha nikataka kumtilia chai, nikachukua kikombe chake mwenyewe kabatini. Nikakipeleka dirishani.

Nyufa zake, zilizokolea kuliko za vyote, zilikuwa nyeupe. Zote. Kama kimetoka dukani.

"Tangu lini?" baba alinong'ona.

Shangazi alikuwa akikinywea kila siku, mbele yetu sote.

Shangazi hakuolewa. Amekufa, na kikombe chake nnacho mimi. Kila alasiri nakitia chai ya rangi, nzito, naiacha humo mpaka ipoe. Nyufa hazishiki.