Mkono wa Kushoto wa Mwanaisha

Msinicheke. Degree yangu inaota ukungu kabatini hapa Manundu, ila akili ninayo, na rafiki yangu Kudra, nesi wa theatre, haongopi.

"Nesi, huu wa kushoto usiufunge," Mwanaisha alimwomba kabla ya upasuaji. "Ndio ninaompakatia mwanangu."

Mtoto walishamzika huko Mkumbara. Lakini mkono ukining'inia mgonjwa akiwa nusu kaputi, unaweza kupooza. Kudra akaulaza kwenye ubao wa pembeni mwa kitanda, akafunga mkanda.

"Pole, dada. Ni for your safety."

Katikati ya operesheni umeme ukakatika; jenereta ikachelewa kama ajira zetu. Gizani, chini ya shuka, Kudra akasikia kitu kinanyonya, taratibu, kisha kikacheua.

Taa zikawaka. Mkono ulikuwa kifuani, umekunjwa, umepakata hewa. Pale ubaoni, mkanda ulikuwa bado umefungwa, mtupu.