Huku Kwema, Ila Majani Yana Vumbi

Haya alinisimulia Evelina mwenyewe, mwaka jana baada ya mavuno, tukipepeta uwele uani kwangu. Nimeyaandika kwa maneno mepesi, ili na wewe unayeanza kusoma uyapate.

Evelina anakaa Mkonze, pembeni ya mji wa Dodoma. Mume wake, Luka, amefariki. Binti yao, Ritha, anafanya kazi Mwanza. Nyumbani amebaki Evelina, kuku wake, na shamba dogo la mizabibu aliyoipanda Luka.

Kila asubuhi Evelina huchemsha chai. Mkono wake bado huchukua vikombe viwili. Kimoja hukirudisha kabatini.

Ritha alimnunulia simu, akamwekea msaidizi wa akili mnemba. Huyo si mtu. Ni programu ndani ya simu. Unamwuliza jambo, naye anajibu.

"Mama, huna haja ya kuandika," Ritha alimwambia. "Bonyeza hii alama ya kipaza sauti, useme tu."

Evelina akazoea. Ikawa jioni anaongea na simu kuliko anavyoongea na watu.

Kipupwe kilipoingia, majani ya mizabibu yakawa na weupe. Magonjwa ya mizabibu aliyajua Luka, si yeye. Akabonyeza kipaza sauti.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo. Nikusaidie nini leo?"

"Marahaba. Huku kwema. Mimi mzima, kuku wazima, na mizabibu haijambo, inaendelea vizuri. Ila majani yana vumbi kidogo."

"Ni vizuri kwamba mizabibu inaendelea vizuri. Kama ni vumbi, osha majani kwa maji safi."

Evelina akabeba ndoo, akaosha. Weupe ukazidi. Akarudi kwenye mazungumzo yale yale, akasema vumbi bado lipo. Akaambiwa aoshe tena. Sasa hata zabibu changa zikawa na unga mweupe, nyingine zikaanza kupasuka.

Evelina akakaa chini katikati ya mizabibu. Shamba hili likifa, atabaki na nini cha Luka?

Yasinta, bibi shamba wa kata, alikuwa anapita na pikipiki yake. Akasimama.

"Mbukwenyi, mama," akamsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu. Karibu. Huku kwema."

Yasinta akatazama ndoo ya maji na majani yaliyolowa, akageuza jani moja. "Kwema gani huku? Huu ni ubwiriunga, mama. Ni ugonjwa wa ukungu. Nani kakwambia uoshe?"

"Msaidizi wa kwenye simu."

"Ulimwambiaje?"

Evelina akamweleza yote, tangu salamu. Yasinta akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mama yangu, sisi hata kukiwa na msiba tunaitikia huku kwema, ndiyo tunaleta neno ila. Mimi nikisikia ila, najua habari imefika. Huyo wa kwenye simu kashika ya mwanzo. Hakuoni usoni. Anajua ulilomwambia, basi."

"Kumbe nimempoteza mwenyewe."

"Umemsalimia kwa adabu tu. Naye alipaswa kukuuliza zaidi. Lete simu."

Wakakaa juu ya ndoo zilizofunikwa.

"Haya mazungumzo ya zamani yamejaa vumbi," Yasinta alisema. "Tafuta palipoandikwa mazungumzo mapya. Hapo. Sasa bonyeza kamera, piga picha ya jani, usogee karibu. Na ya zabibu pia. Haya, sema. Shida ndiyo itangulie."

Kwa Evelina ilikuwa kama kuingia nyumba ya watu bila hodi.

"Mizabibu yangu inaumwa. Niko Dodoma. Majani yana unga mweupe na zabibu zinapasuka. Nimeosha, umezidi. Niulize kama hujaelewa."

Msaidizi akauliza kama unga unatoka ukisugua kwa kidole. Unatoka. Akasema unafanana na ubwiriunga, ila amwonyeshe mtaalamu kabla ya kupiga dawa.

"Mtaalamu ndiye huyu amekalia ndoo yako," Yasinta alisema. "Ukitaka kujua kalitoa wapi jibu, mwambie atafute mtandaoni akuonyeshe. Lakini anaweza kukosea na sauti yake isitetereke. Mambo ya dawa na hospitali, uliza na mtu anayeyajua. Namba yako ya siri usimpe kabisa."

"Nasikia wasaidizi hawa wako wengi. Nimchague yupi?"

"Anayekisikia vizuri Kiswahili chako na anayepokea picha. Jaribu wa bure kwanza. Swali moja waulize wawili, wakipishana, niite."

Wakakata majani mabaya, wakayachoma. Yasinta akamwelekeza namna ya kupiga unga wa salfa, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Majani mapya yakatoka kijani. Zabibu nyingine zilipotea, lakini shamba la Luka halikufa.

Siku ya mavuno ilipokwisha, Ritha akapiga simu ya video.

"Mama, shikamoo. Habari za huko?"

"Marahaba. Huku... Mwanangu, nina upweke. Shamba limepona, mimi bado. Chai nakunywa peke yangu. Jioni naongea na simu, nayo haijui hata harufu ya nyumba hii."

"Mbona kila siku unaniambia huku kwema?"

"Leo nimeanza na ila."

"Nitaomba likizo nije. Na kila jioni nitakupigia, tunywe chai pamoja. Tuanze leo. Subiri nichemshe."

Evelina akatoa vikombe viwili. Kimoja akajimiminia chai. Cha pili akakisimamisha mezani, akaegemeza simu juu yake. Wakanywa, wakaongea habari za zabibu, za Luka, za kuku mmoja mkorofi. Baadaye maneno ya Ritha yakapungua. Uchovu wa kazi ukamshinda, akalala pale pale kwenye kochi.

Evelina hakumwamsha, wala hakukata simu. Akaibeba pamoja na kikombe mpaka kando ya kitanda, akamtazama mwanawe anavyopumua, kisha naye akalala.