Karata ya Taitai

Kila alasiri Nusrat akirudi kutoka chuo cha Kurani, kazi yake ya mwanzo ilikuwa kufagia baraza ya nyumba yao ya Mkunazini, Mji Mkongwe. Akishafagia hutandika mkeka, na kabla hajaunyoosha vizuri, Nadir wa nyumba ya pili huwa keshafika, kandambili mkononi, akipiga kelele, "Leo nakufunga!"

Siku hiyo Nusrat alifagia taratibu. Alijua ni mara ya mwisho. Boriti za nyumba zilikuwa zimeoza, na kesho yake wangehamia mtaa wa Amani. Makabati yalikuwa yameshafungwa kamba, na ukumbi uliozoea kunukia udi sasa ulinuka vumbi. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijafungwa: kile kikopo cha bati chenye karata.

Karata hizo hazikununuliwa dukani. Kaka yake, Himid, alizikata kwenye maboksi ya viatu na kuzichora kwa kalamu za rangi kabla hajakwenda kusoma Maskati. Mchezo wenyewe aliutunga kutokana na kazi ya bibi yao, Bi Mwanakheir, aliyelima mwani ufukweni Paje tangu ujana wake hadi miguu ilipomkatalia. Kila mchezaji huanza na fungu dogo la karata. Zamu yake ikifika, huchagua karata moja katikati ya mkeka, akaitia katika fungu lake, akalichanga, kisha akavuta nne za juu. Mbegu, kamba na taitai zikikutana, amevuna, naye hupata simbi moja, gamba dogo la pwani la kuhesabia. Pakiwa na gunia pia, hupata simbi tatu. Anayetangulia kufikisha simbi kumi ndiye mshindi.

Gunia lilipakwa rangi ya dhahabu. Taitai, kile kijikamba chembamba cha kufungia mbegu ya mwani kwenye kamba kubwa, ilichorwa kama uzi tu. Nani angeitaka?

"Kaka yangu ndiye aliyezichora," Nusrat alimwambia Nadir alipofika. "Nnahama nazo."

"Himid alisema ni zetu sote!" Nadir alikuja juu. "Weye unakwenda Amani, watoto tele. Mie nnabaki hapa nicheze na nani? Na paka?"

Bi Mwanakheir alikuwa amekaa kizingitini, mbele yake kisahani cha halwa walicholetewa na majirani kwa kuagana. Aliwatazama wote wawili.

"Basi chezeni," alisema. "Atakayeshinda azichukue zote, na asiwepo wa kununa. Nusrat, nenda kanawe mikono kwanza, ina halwa."

"Nshajifuta, Bibi."

"Kujifuta si kunawa."

Lakini Nusrat alikuwa ameshaanza kugawa.

Zamu yake ya kwanza, katikati palikuwa na gunia na taitai. Akachukua gunia. Zamu ya pili, gunia tena. Nadir akawa anaokota taitai moja baada ya nyengine.

"Unaokota nyuzi kama fundi cherehani!" Nusrat alimcheka. "Unanishonea nguo ya Sikukuu?"

"Nakushonea mdomo," Nadir alijibu, akachukua simbi moja.

Mwanzoni Nusrat aliongoza. Mara mbili gunia lilikutana na taitai yake ya pekee, akazoa simbi tatu tatu, na mara moja akavuna bila gunia. Kisha mambo yakaharibika. Alivuta magunia mawili, hakuna taitai. Akavuta tena: magunia matatu na kamba, basi. Fungu lake lilikuwa limejaa dhahabu isiyomfaa kitu, na taitai yake moja ilikuwa imepotelea humo humo. Nadir alikwenda polepole, simbi moja, simbi moja, hadi akafikisha tisa. Nusrat alikuwa na saba. Kuvuna mara moja tu pamoja na gunia, na karata za kaka yake zingelala Amani.

Akachanga. Akavuta nne: mbegu, kamba, gunia, gunia.

Hakuna taitai. Lakini lile gunia la mwisho lilikuwa zito mkononi. Alilisugua kwa kidole gumba, na nyuma yake ikachomoza taitai, imegandishwa na halwa.

Nadir alikuwa akimfukuza kuku wa jirani. Bibi alikuwa akitazama kichochoroni. Nusrat angelificha tu gunia moja chini ya goti, akazitandaza nyengine nne, na hakuna ambaye angejua. Alikitazama kile kiuzi. Chini yake, kwa mistari midogo ambayo hakuwahi kuiangalia, Himid alikuwa amechora vidole vya bibi yao vikikaza kifundo.

"Nimevuta tano," alisema. "Hii imegandana. Si yangu."

Akairudisha kwenye fungu. Nadir akavuta: mbegu, kamba, taitai na taitai nyengine. Simbi ya kumi.

Nusrat aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka mkekani. Nadir hakushangilia. Alizikusanya karata kikoponi, akasita, kisha akatoa moja na kumpa. Ilikuwa ile taitai yenye halwa.

"Kaa nayo weye," alisema. "Kikopo kisipotimia sichezi na mtu. Ijumaa nitakuja nacho Amani. Ila unawe mikono!"

Nusrat akacheka huku analia. Bi Mwanakheir akamvuta karibu.

"Paje, wenzangu wakihesabu magunia, mie nlikuwa nakagua taitai," alisema, macho yake yakiwa mbali, kama anayeuona ufuko ule. "Bahari haina habari na gunia, mjukuu wangu. Gunia liko nchi kavu. Bahari hulegeza kile kifundo kidogo ulichosema utakikaza kesho. Leo ulianza kushindwa ulipoidharau taitai ya kwanza, ila ulikuwa hujajua. Na mikono ungeinawa, karata zisingegandana. Lakini ulipoirudisha ile isiyokuwa yako, hapo ulikaza kifundo. Ndiyo maana urafiki wenu haujakatika."

Asubuhi, gari la mizigo lilipoondoka, baraza ilibaki tupu, imefagiwa safi. Nusrat alikuwa ameishika taitai kiganjani, na mikono yake ilinukia sabuni.