Ruta ya Marehemu Kiplagat

Chumba cha Kiplagat pale Tuwan, Kitale, kilifungwa siku alipozikwa. Wiki tatu sasa mkewe Linet alifagia hadi mlangoni tu. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka wazee wakae. Lakini chini ya mlango taa ya kijani iliwaka na kuzima, ikawaka tena, na Linet hakupenda kuitazama.

Kiplagat ndiye aliyeunganisha mtandao wa mtaa wao na ule wa Kanduyi, Bungoma. Asubuhi hiyo binti yao Jepchumba, mjamzito wa miezi minane, alikuwa kliniki ya Kanduyi akitoka damu. Picha ya tumbo ilitumwa mara tatu kwa daktari wa Kitale. Haikufika. Bila picha, daktari hangeweza kuamua kama apasuliwe.

Linet alimwita Waruguru, fundi wa mtandao. Waruguru akafungua kompyuta, akasoma orodha ya ruta zilizo hewani, vile visanduku vinavyopitisha mtandao.

"Mama Jepchumba, nani yuko kwa chumba cha mzee?"

"Hakuna mtu."

"Ruta yake bado inasalimia zingine. Kila sekunde kumi inasema, niko hapa."

Linet aliogopa sana. Waruguru akamweleza polepole. Ruta nyingi hujua mtaa wao tu. Ya Kiplagat ni ya mpakani, inashika mitaa miwili. Iliyo katika shule ya mtaa hutoka nje, kwa kampuni ya intaneti. Ruta huchagua kwanza njia ya ndani ya mtaa, kisha ya kuvuka mpaka. Ya nje huja mwisho, hata ikiwa nzuri zaidi. Upepo ulikuwa umepinda antena ya marehemu. Salamu fupi zilipita, picha nzito zikapotea.

"Tukiizima, zingine zitamngoja mzee sekunde arobaini," alisema Waruguru. "Halafu zitatumia njia ya nje."

"Arobaini tu?"

"Ndiyo, mama."

Linet alimpigia shemeji yake Kipkorir kuomba ruhusa ya kuingia. Akaambiwa angoje kikao cha mwezi ujao. Alikata simu, akachukua ufunguo.

Koti la Kiplagat lilikuwa bado kitini.

"Baba Jepchumba, pumzika sasa," alisema, akachomoa waya.

Walihesabu pamoja. Jina la Kiplagat likatoweka kwenye orodha. Linet akalia. Muda si muda daktari akapiga simu: picha imefika, apasuliwe mara moja.

Waruguru aliinyoosha antena, akaijaribu kando kwa picha nzito, na ilipopita ndipo akairudisha ruta kwenye mtandao.

Mwezi uliofuata wazee walikaa. Wakauliza ni nani aliyefungua chumba. Linet alimchukua mjukuu wake, aliyezaliwa siku ile, kutoka mikononi mwa Jepchumba, akampa Kipkorir amshike.